Burashi za Mlango wa Msikiti

Jumapili, 4 Oktoba 1953

Shabani ameniudhi. Tena kwa kosa lile lile! Nimeikuta burashi pana ndani ya kopo la mafuta ya taa, imesimama kwa nywele zake, imelala humo tangu jana. Nywele zote zimepinda upande mmoja. Nikamwuliza: wewe ungesimamishwa kwa kichwa tangu magharibi mpaka alfajiri, ungeamkaje? Kacheka. Mume wangu kila kitu kucheka.

Nimehangaika nayo mchana kutwa. Maji ya moto kidogo — si ya kuchemka, yakichemka yanalegeza nywele pale kwenye bati la shingoni. Sabuni ya mche. Nikaichana kwa kitana kile kilichobaki nusu ya meno, nikaivisha gazeti kama mtoto aliyefungwa winda, nikaitundika kwenye msumari, nywele chini. Kesho itakuwa imenyooka, inshallah.

Burashi hii imemzidi umri binti yetu Mariamu. Ndiyo iliyopaka nyumba za wazungu kule Shangani, hapa hapa Mtwara, wakati wa ule mradi wa Waingereza wa kulima njugu, siku zile meli zikishusha matrekta na kila mtu ana kazi. Njugu zimekufa, wazungu wengi wamekwenda zao, burashi ipo. Wapaka rangi wengine hutupa burashi baada ya nyumba mbili tatu, kisha wanalia kwamba kazi haina baraka. Burashi haiharibiki mchana ikifanya kazi! Inaharibika jioni, mwenyewe akichoka. Hapa kwetu jioni ni yangu. Shabani anapaka, mimi nafuta, naosha, nachana, natundika. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa hata kwenye harusi za watu, na wala sioni haya.


Jumanne, 6 Oktoba

Baba amekuja! Hapa! Kashuka kwenye lori la mkaa kutoka Mikindani, kanzu imepakaa masizi, fimbo mkononi, uso kama anayekwenda kwenye shauri.

Tangu niolewe hajakanyaga hapa. Mariamu anamjua babu yake kwa sababu mimi humpeleka. Kule Baba humbeba, humwimbia, humlisha tende kwa mkono wake. Lakini kuja kwetu, kula kwetu — hapana. Shabani alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa pale Kilambo mgongoni mwa mama yake, na baba yake alisilimu ndevu zikiwa zimekwisha ota mvi. Kwa Baba hilo linatosha. Siku ya posa alisema mbele ya watu: sijui mikono ile imeshika nini. Aliniozesha tu kwa sababu Mama aligoma kupika.

Leo amesimama nje ya ua. Nikatandika mkeka, hakukaa. Nikaleta maji ya mtungini, baridi. Akasema amefunga. Jumanne! Nani anafunga sunna siku ya Jumanne?

Shabani akatoka, miguu bado ina sabuni. "Shikamoo, nzee," kwa lafudhi yake ya ng'ambo. Baba akaujibu ukuta: marahaba. Kisha akatoa alilotumwa. Msikiti wa mtaani kwao, ambao yeye ndiye mwangalizi wake, unatakiwa upakwe kabla ya Maulidi. Kuta chokaa, mlango mkubwa na madirisha rangi ya kijani ya mafuta. Fundi waliyemzoea wa Lindi macho yamemwishia. Wazee wameyaona madirisha ya Shangani, wakauliza ni kazi ya nani. "Wazee wamenituma," akasema. Hakusema nimekuja. Kasema nimetumwa.

Shabani akakubali kabla hajamaliza.

Sasa niandike ninalolitaka, maana hapa hapana wa kunicheka. Msikiti ukipakwa vizuri, Baba ataswali kila siku mbele ya kazi ya mikono ile ile aliyoitilia shaka. Atakosa la kusema. Atakuja kwangu, atakaa, atakula. Nalitaka hilo kuliko kitu chochote.


Alhamisi, 8 Oktoba

Niandike pole pole.

Nimekwenda dukani kwa Bwana Fakhruddin kutafuta burashi ndogo ya kupitisha kwenye nakshi za mlango. Ana tabia moja, imenikera siku zote: burashi haishiki penye nywele. Huikamata kwa kipande cha karatasi kama vile inauma. Nilidhani ni madaha ya mwenye duka. Leo nikamtania. Bwana Fakhruddin, nikamwambia, hii yako ina meno?

Akanitazama, akauliza kama kweli sijui. Nijue nini? Akainama juu ya meza, akashusha sauti, ingawa dukani mlikuwa na mimi na paka tu.

"Mama Mariamu, hii nywele ya nguruwe. Ile mzuri yote nguruwe. Mimi nauza kwa mzungu, kwa kampani. Nafikiri nyinyi najua, kwa hiyo sisemi."

Nikaiacha mezani. Nimetoka bila kuaga.

Nguruwe! Miaka yote hii nimeziosha kwa mikono hii, zikiwa zimelowa. Nimezichana. Nikapika. Nikaswali! Nikambeba mtoto! Na kinywa changu kikijigamba kwamba Mtwara nzima hakuna burashi safi kama zangu. Ni safi, ndiyo. Lakini tohara hazina, wala hazitakuwa nayo hata niziloweke baharini mpaka Kiyama. La kuvunda halina ubani.

Na Baba alisema: sijui mikono ile imeshika nini.


Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeosha mikono mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Beseni vile vile. Kizingiti. Kanga niliyokuwa nikijifungia kiunoni. Kitana nimekitupa. Shabani akauliza kuna harusi hapa? Nikasema ninasafisha. Alikuwa amekaa uani anachagua burashi za msikiti, anazipuliza vumbi, anazipima kwenye kiganja, anaimba kimya kimya.

"Hii ya nsikiti," akasema, ameishika ile pana. "Hii haijanitupa hata siku moja."

Sijamwambia. Nimeshindwa. Nimekwenda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni.


Jumamosi, 10 Oktoba

Nimemwambia.

Kwanza akacheka, kama kawaida yake. Kisha akanitazama, kicheko kikakatika. Akaitoa ile pana msumarini, akaigeuza, akaitazama kama anamtazama rafiki aliyekutwa na kitu cha wizi. Akaitundika tena. Akauliza nani mwingine anajua. Fakhruddin. Atasema? Hatasema, si mtu wa maneno.

Ninajua alichokuwa anafikiri maana na mimi nilikuwa nakifikiri. Misikiti mingapi imepakwa kwa burashi hizi hizi, na watu wanaswali, na Mungu ni mwingi wa rehema? Asiyejua hana dhambi. Ni sisi tu ndio tunaojua. Tukinyamaza, mlango utang'aa, Maulidi yatasomwa, Baba atakula kwangu.

Akatoka. Akarudi baada ya alasiri, miguu ina mchanga wa pwani.

"Nke wangu, nsikiti siupaki kwa hizi. Nzee kasema nkono wangu haujulikani umeshika nini. Alikuwa anasingizia. Nikipaka kwa hizi, atakuwa amesema kweli."

Nimelia. Si kwa huzuni peke yake. Nilimpenda sana saa ile, lakini kumwambia nikaona haya, nikamwambia akafute miguu.


Jumatatu, 12 Oktoba

Kuta si taabu. Bibi yangu alipaka chokaa maisha yake yote kwa kumbi la nazi. Unalipondaponda ncha kwa mchi mpaka nyuzi zinaachana, unafunga kamba, unapaka. Nimetengeneza matatu leo. Yanafaa! Na chokaa ukiisuuza vizuri kwa maji mengi jioni, kumbi linadumu. Usipoisuuza inakauka humo, kesho unapaka kwa jiwe.

Taabu ni mlango. Rangi ya mafuta haitaki kumbi, linaacha michirizi kama kuku amechakura. Inataka nywele. Nywele za nini?


Jumatano, 14 Oktoba

Mbuzi!

Limenijia nikiwa natwanga. Mbuzi ni halali, manyoya yake halali, na kuyakata hakumtoi roho. Jirani yetu Zuhura ana beberu mwenye ndevu ndefu kuliko za imamu, na mgongoni amesimamisha manyoya magumu, meusi. Nikaenda. Zuhura akaniuliza: Somoe, una mimba? Maana ni mwenye mimba tu anayeweza kuamka na tamaa ya ndevu za beberu. Nikamweleza nusu, nikasema ni kwa kazi ya msikiti. Hapo akalainika, lakini akalalama: beberu bila ndevu atakuwa na hadhi gani mbele ya wake zake?

Shabani akamshika pembe, mimi nikakata. Nimepigwa teke la paja, limevimba. Beberu ametoka pale uso mtupu, akaenda kusimama nyuma ya banda, hataki kuonekana. Zuhura amecheka mpaka akakaa chini.

Manyoya nimeyaosha, nimeyaanika juu ya ungo. Ya mgongoni ndiyo yanayofaa hasa. Ya kidevuni ni laini, nitayachanganya. Roho yangu leo nyepesi.


Jumamosi, 17 Oktoba

Tumepata burashi!

Shabani amechonga mpini wa mkorosho, mwembamba shingoni, mnene mkononi, unakaa vizuri kiganjani. Mimi nimepanga manyoya, ncha sawa na ncha, yale yaliyopinda kwa asili yakitazama ndani. Uzi wa nyavu, umezungushwa ukabana. Kisha gundi. Mikorosho msimu huu inatoa gundi kila penye jeraha, unabandua tu. Nikailoweka ikawa uji, tukaimimina kwenye mizizi ya manyoya, tukaianika jua la siku mbili.

Leo Shabani ameijaribu kwenye mlango wa choo. Mimi sikuthubutu kutazama, nikasimama nimegeuka. Nikasikia anasema, "Haa!" Nikageuka. Mstari umenyooka! Kijani kimekaa laini, hakuna unywele hata mmoja uliobaki ukutani... mlangoni, nataka kusema. Nimechangamka mpaka naandika ovyo. Choo chetu sasa ndicho chenye mlango mzuri kuliko wa mkuu wa forodha.

Jioni nimeiosha mwenyewe kama nilivyozoea. Mafuta ya taa, kitambaa, mafuta ya taa tena, kisha sabuni na maji. Nimeiacha ndani ya maji kidogo ilainike. Kesho nitaifunga gazeti.


Jumapili, 18 Oktoba

Manyoya yote yamo ndani ya beseni, yanaelea. Mpini uko peke yake.

Gundi ya mkorosho! Jana mwenyewe niliiloweka kwa maji ikawa uji. Sasa niliiloweka tena, nilitegemea nini? Nimeiua kwa kuiosha. Mimi! Mimi ninayewasema wapaka rangi wa watu!

Shabani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amekusanya manyoya, ameyakamua maji, ameyaanika tena juu ya ungo. Amesema tu kwamba Maulidi hayako mbali. Basi hilo likanichoma kuliko kofi.


Jumanne, 20 Oktoba

Tumejaribu nta ya nyuki. Mafuta ya taa yameiyeyusha. Tumejaribu lami aliyopewa Shabani bandarini. Nayo imeyeyuka, tena imechafua rangi ya kijani ikawa kama maji ya mtaro. Kinachotakiwa ni kitu kisichoogopa maji wala mafuta.

Nami nakijua kitu hicho. Nimekijua tangu jana, sikutaka kukijua. Sandarusi.

Baba anayo. Babu alikuwa mchimbaji wa sandarusi, ile gundi ya kale inayotolewa ardhini imeshakuwa ngumu, ya njano, ina wadudu ndani. Sandukuni kwa Baba kuna donge kubwa kama ngumi, ndilo alilobakiza. Nilipokuwa mdogo aliyeyusha kipande akaziba bakuli la Mama lililopasuka, na bakuli lile mpaka leo linachotewa mchuzi wa moto.

Lakini nikienda kuomba sandarusi ataniuliza ya nini. Nikimwambia ya burashi, atauliza burashi mnazo, za nini tena? Na mimi Baba siwezi kumwongopea usoni, tangu utoto. Itabidi niseme. Itabidi nimwambie kwa kinywa changu kwamba alichokisema siku ya posa kilikuwa kweli.

Mficha uchi hazai. Ijumaa nakwenda.


Ijumaa, 23 Oktoba

Nimerudi Mikindani. Nimechoka. Nitaandika yote.

Nilimkuta barazani baada ya sala, ametulia, Mariamu akamrukia. Nikangoja amweke chini. Nikasema shikamoo Baba, nina neno, na nikalisema lote palepale, nisije nikaogopa katikati. Duka, karatasi, nguruwe, mikono yangu, mikono ya Shabani, miaka yote. Mama alikuwa mlangoni na upawa, akaganda.

Baba akauliza, mmeosha?

Mara saba, moja kwa mchanga.

Nikamweleza ya beberu, ya gundi ya mkorosho, nilivyoiua burashi. Hakutabasamu. Nikamwambia tunaomba kipande cha sandarusi.

Akauliza jingine, pole pole: mumeo angeweza kunyamaza?

Nikasema angeweza. Mimi nilitaka kidogo tunyamaze. Yeye ndiye aliyekataa.

Nikadhani sasa atasema lolote, zuri au baya. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na si kwa hasira. Alikuwa anatazama mikono yake. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Safari ile msikiti ulipopakwa na fundi wa Lindi, burashi nilinunua mimi. Nilichagua zilizo bora."

Mlango ule amekuwa akiufungua kila alfajiri kwa mkono wake. Akiufuta kwa kitambaa. Siku za mvua unalowa, yeye anausukuma, anaingia, anasoma adhana.

Akainuka akaenda ndani. Hakutoka. Nilisubiri mpaka lori la mwisho. Mama kanisindikiza, kaninong'oneza nimwache, Baba yako neno gumu hulitafuna kwanza. Nimerudi mikono mitupu.

Nilikwenda nikiogopa atatudharau. Sikujua nitarudi nikimhurumia. Lakini sandarusi sina, na Shabani amekaa uani na ungo wa manyoya, ananitazama, na mimi sina la kumpa.


Jumatatu, 26 Oktoba

Kimya kutoka Mikindani.

Shabani amekwenda kumalizia nyumba ya Shangani kwa burashi za zamani, hana nyingine. Ameomba glovu za mpira kwa mzungu wa bandarini. Jioni burashi anaziosha mwenyewe, nje ya ua, kwa kijiti, mimi sikaribii. Anaziosha vibaya! Anasuuza juu juu, shingoni rangi inabaki, inakauka, nywele zinaachana kama vidole. Ile pana imeanza kukakamaa. Najua ni nini, najua nywele ni za nini, na bado roho inaniuma nikiiona. Nimekaa nayo jioni ngapi! Nimemwambia kwa mbali, fuata shingo, fuata shingo. Akajibu, "Nafuata, nke wangu," na wala hafuati.


Alhamisi, 29 Oktoba

Makumbi ya chokaa yako tayari, kumi na zaidi. Manyoya yamekauka, nimeyapanga upya mara mbili. Shabani amechonga mpini mwingine, wa kwanza ulipasuka. Anasema tukikosa sandarusi atawarudishia wazee neno Jumapili, wamtafute mtu mwingine. Amesema huku anachonga, hajanitazama.

Beberu ndevu zimeanza kuchipua. Angalau yeye.


Jumamosi, 31 Oktoba

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya mfuniko wa mtungi. Nikingoja jioni nitasahau nusu.

Asubuhi nilikuwa nafagia. Lori la mkaa likasimama. Baba! Safari hii hakubaki nje. Akapita mlango wa ua kama aliyesahau kwamba hapiti, akasimama katikati, akafungua leso. Donge la sandarusi. Zima! Hajakata kipande, kalileta lote.

Akasema naye alilokuja nalo, akiwa amesimama, kwa Shabani, si kwa ukuta. Jana baada ya sala ya Ijumaa amesimama mbele ya watu wote akasema: burashi zile za zamani nilinunua mimi, zilikuwa za nguruwe, sikujua. Anayetaka kunilaumu anilaumu. Wengine walinung'unika, mmoja alicheka, wazee wakakata shauri. Mlango na madirisha vitakwanguliwa rangi yote mpaka kwenye mti mtupu, vioshwe mara saba, moja kwa mchanga, ndipo vipakwe. Kazi wameanza leo baada ya alfajiri. "Na wa kupaka ni yule yule," akasema. Akasita. "Hili ninalisema mimi. Sikutumwa."

Shabani! Mume wangu! Akaingia ndani akatoka na kigoda.

Baba akakaa.

Kisha wakafanya kazi, na mimi nilikuwa wa kupuliza makaa. Baba hataki moto mkubwa. Sandarusi ukiiharakisha inaungua, inakuwa nyeusi, inavunjika. Kaiweka kwenye kigae, kainama juu yake, moshi wake unanukia kama ubani. Shabani kakaza uzi kwenye manyoya. Baba akamkemea, kaza zaidi! Shabani akakaza. Zaidi! Uzi ukakatika, wote wawili wakasema astaghafirullah kwa pamoja, na nilidhani nimesikia Baba akicheka, lakini huenda ni kikohozi cha moshi.

Imemiminwa. Imeganda ngumu, ya njano, unaona mizizi ya manyoya ndani yake kama wadudu wale wa zamani. Nikaitia majini mwenyewe, moyo juu, nikaiacha mle mpaka adhuhuri. Haukutoka hata unywele mmoja! Wakapaka upande wa pili wa mlango wa choo. Baba kasogeza uso karibu kabisa, kafuata mstari kwa macho tangu juu mpaka chini. Akasema, "Umenyooka." Ni neno moja tu, lakini namjua Baba, hajalitoa kwa watu wengi.

Halafu vituko. Ilipofika kuosha, nikanyoosha mkono niichukue burashi, kazi yangu. Baba kanizuia. Anaosha yeye! Mafuta ya taa yamemchirizika mpaka kwenye kiwiko, kanzu imepakaa kijani, na alipomaliza akaitia koponi — kwa nywele! Kaisimamisha kwa kichwa! Nikafumbua kinywa. Shabani akanikonyeza ninyamaze. Akasogea, akaitoa bila neno, akaichana kwa vidole, akaivisha gazeti, akaitundika kwenye msumari mpya, nywele chini, shingo yote imesafishwa. Kumbe anajua! Siku zote anajua! Baba alimtazama mpaka mwisho. Akauliza, kwa hiyo inalala hivyo? Shabani akasema, "Ndivyo, nzee. Nke wangu ndiye aliyenifunza."

Wamenawa kwa sabuni ya mche, wamenawa tena kwa maji matupu. Muhogo umeiva, na kunde, na samaki changu wa nazi. Nimepakua sinia kubwa, moja. Nimetoka, nimeliweka kwenye mkeka katikati yao, nimerudi huku jikoni, kwa sababu siwezi kusimama pale. Naona kwa upenyo wa mlango.

Mariamu amejipakatisha miguuni mwa babu yake, ameshika kipande cha muhogo tayari, yeye hangoji mtu.

Shabani amesema, "Karibu, nzee."

Baba anatazama sinia. Anatazama mikono yake, bado ina kijani kwenye kucha. Nasubiri aseme amefunga.

Hajasema. Anakunja mkono wa kanzu —